Chipu za Kwanta: Tuombe Nafasi Kwenye Foleni, Si Kiwanda

Hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa patholojia haikati tamaa na mgonjwa wa saratani. Hukata kinyama, hukihifadhi katika formalini, hukipeleka maabara kubwa na kusubiri majibu. Maabara moja huwahudumia wengi kwa kuwa gharama zake hazibebeki na kila hospitali peke yake. Msingi huohuo ndio unaopangiwa utengenezaji wa chipu za kompyuta za kwanta huko Ulaya na Marekani, na kwa maoni yangu watu wa tiba hatupaswi kuukalia kimya mjadala huo.

Kompyuta ya kwanta hutumia kubiti, vijenzi vinavyofuata kanuni za chembe ndogo kabisa za maada. Inatarajiwa kwamba siku moja itakokotoa mwenendo wa molekuli, zikiwamo za dawa, kwa usahihi unaozishinda kompyuta za kawaida. Aina mojawapo ya kubiti hutengenezwa kwa alumini au niobiamu juu ya silikoni, na hufanya kazi katika baridi inayokaribia nyuzi −273 za Selsiasi. Hata sumaku ya mashine ya MRI, inayopozwa kwa heliamu hadi takriban nyuzi −269, haifikii hapo.

Kushirikiana kiwanda si jambo jipya. Mwaka 1979 Lynn Conway, akiwa Xerox PARC huko California, alikusanya michoro zaidi ya 80 ya chipu kutoka vyuo mbalimbali, ikatengenezwa kwa pamoja. Gharama iligawanywa, na wanafunzi wasio na kiwanda wakapata chipu walizozibuni wenyewe. Mwaka 1981 Marekani iliugeuza utaratibu huo kuwa huduma ya kudumu, MOSIS. Katika kwanta, Maabara ya Lincoln ya MIT huwatengenezea watafiti chipu za kubiti, na sheria ya chipu ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakusudia kujenga njia za majaribio kwa kazi hiyohiyo.

Uzoefu wa maabara zetu unafundisha mambo matatu ambayo wapangaji wasiyapuuze. Kwanza, upimaji uwe sehemu ya huduma. Chuo kidogo hakina jokofu la baridi hiyo. Kukipa chipu bila vipimo ni sawa na kumrudishia daktari sampuli bila majibu. Pili, chipu zilizoharibika ziripotiwe kwa watumiaji wote, kama maabara makini inavyoandika kila kosa la kipimo, ili kosa la mmoja lisirudiwe na kumi. Tatu, ratiba, bei na vigezo vya foleni viwe wazi, na sehemu ya nafasi itengewe taasisi changa. Foleni isiyo na kanuni humhudumia mwenye jina kwanza.

Wapo watakaouliza: zahanati inakosa glavu, kwanta ya nini? Swali ni la haki, na ndiyo sababu siombi kiwanda. Naomba vyuo vyetu vifundishe vijana wachache wa fizikia, kemia na famasia kubuni na kupima, kisha viombe nafasi. Anayeshika kalamu ya mchoro ndiye anayechagua swali, na maswali ya malaria na selimundu hayatachaguliwa na asiyeyaishi. Tena tuna cha kuleta mezani: mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa kwa heliamu katika eneo la Rukwa, na baridi ya kubiti hupatikana kwa heliamu.

Kwa mgonjwa, ujuzi huu una faida leo. Kompyuta ya kwanta bado haijampatia mgonjwa yeyote dawa iliyothibitishwa. Wapo wanaopita mitaani na vifaa vya kushika mkononi vinavyoitwa vya kwanta, vinavyodaiwa kupima mwili mzima kwa dakika moja, kisha huuza virutubisho. Vifaa hivyo havina uhusiano wowote na chipu hizi. Ukipewa karatasi ya majibu yake, usiache dawa zako wala usianze nyingine. Ipeleke kwa daktari wako. Nasi wahudumu tumpokee mgonjwa huyo bila kumdhihaki, tumweleze kwa utulivu, kisha tumpime ipasavyo.