Mbegu ni nzuri, lakini nani atainunua mara ya pili?

Wandugu wamemba, bamama na bababa walimaji,

Wengi wenu mulisikia kwamba tulishuka Goma kutafuta mutu wa kuweka pesa ku mbegu zetu za maharagi ya chuma, na tukarudi mikono mitupu. Masemi yakawa mengi ku soko ya Kitshanga. Wengine eti tuliombwa matabishi, wengine eti hatukuvaa vizuri. Hapana. Tulishindwa na maelezo yetu wenyewe, na ni vizuri tuseme wazi mbele ya kujaribu tena.

Tulipewa dakika kumi. Nane tulizimaliza na sayansi. Tulieleza kwamba maharagi ya kawaida yako na karibu miligramu 50 za chuma mu kilo moja, na watafiti wa HarvestPlus walijiwekea kufikia 94. Tulieleza jaribio la Rwanda, kule Huye, ambapo wasichana wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walikula maharagi hayo siku 128, na chuma ya mu damu ikapanda. Yote hiyo ni kweli, na tulikuwa na furaha ya kuisema. Kisha mama aliyekuwa anatusikiliza akauliza swali moja tu: "Mulimaji akinunua kilo nane leo, atarudi kununua lini?"

Tukanyamaza.

Kila mutu mwenye kushika jembe hapa anajua jibu. Haragi inajizalisha yenyewe, mbegu yake haibadiliki sana. Tuseme mama amepanda kilo nane, akavuna themanini. Anaweka nane pembeni, zingine anakula ao anauzisha. Musimu ujao hahitaji mutu. Anagawia hata dada yake wa Mweso na shangazi wa Mokoto. Kwa afya ya watoto, hiyo ni baraka kubwa. Njo maana watafiti wa INERA walifanya kazi yote ile. Lakini kwa mutu anayeweka dola zake, ni duka ambalo muteja anaingia mara moja, kisha anapotea miaka mitatu.

Muangalie birayi. Ukipanda tena mbegu ya shamba lako misimu kadhaa, magonjwa yanaingia, mazao yanashuka, na wewe mwenyewe unarudi kutafuta mbegu safi. Ao muangalie Aflasafe, ile dawa ya kuzuia sumu ya kuvu mu mahindi, ambayo Kenya inatengenezwa Katumani, mu kituo cha KALRO: inamwagwa mu shamba kila musimu. Sayansi ya haragi si ndogo kuliko hizo. Ni muteja njo anatofautiana, na sisi hatukumufikiria hata kidogo.

Kuna shida ya pili, nayo inatuuma zaidi. Chuma haionekani na macho. Mununuzi wa Goma anachanganya maharagi yetu na mengine mu mufuko moja, na bei ni ile ile. Tukimwambia mwekezaji kwamba watu watalipa zaidi juu ya chuma, tunamudanganya, na yeye anajua.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya, na tunajua bamoja mu komite hawayapendi. Tuache kuuzisha mbegu kama biashara kubwa. Mbegu ibaki kazi ya ndani: tunachukua mbegu ya msingi, SENASEM wanapima, wamemba wanapata kwa bei ya kuweza. Kwa mwenye pesa tupeleke haragi ya kula, ya aina moja, iliyochaguliwa, mu mifuko yetu wenyewe, kwa mashule, hospitali na mama wa restora. Hao wananunua kila juma. Na maneno ya kwanza yasiwe chuma, yawe makala. Mama wa Goma anahesabu makala kila siku. Haragi ikiiva mbio, anaona faida jioni ile ile. Chuma ataikula bila kuilipia.

Halafu vita. Mara ya kwanza hatukuitaja kabisa, tuliogopa kufukuza mutu. Huo ni ujinga, mutusamehe. Nani Goma hajui kwamba Kitshanga iliungua 2013, na kwamba Januari 2023 watu walikimbia na kuacha mashamba? Mutu akiona hatuitaji, anafikiri tunaficha na mengine. Tuandike wazi: musimu moja ukipotea, deni linasukumwa namna gani, akiba ya mbegu inalala sehemu mbili, si moja, bariere za njia ya Sake zinakula ngapi ku mufuko. Hesabu mbaya iliyoandikwa ni bora kuliko nzuri ambayo hakuna mutu anaamini. Tena, asiongee ajronome peke yake. Aongee mama aliyepanda.

Ila hatuwezi kusema haragi yetu inaiva mbio wakati hatujapima. Kwa hiyo siku ya mukutano ujao tutaweka sufuria mbili, maji sawa, makala ya kipimo kimoja, haragi yetu huku na ya soko kule. Mwenye kuwa na saa aje nayo. Kama ya soko inaiva mbele, tutaandika hivyo hivyo.