Anayeshangilia naye huumia

Machi 2006, kwenye mechi ya mpira wa kikapu mjini St. Louis, Marekani, binti mmoja wa kikundi cha washangiliaji wa chuo kikuu alianguka kutoka juu ya mabega ya wenzake, akaangukia kichwa. Ubongo ulitikisika, pingili ya shingo ikapata ufa. Alipokuwa akitolewa kwa machela, bendi ikapiga wimbo wa timu, naye akaanza kurusha mikono kufuata mdundo. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Nikiikumbuka picha ile nakosa raha. Majeruhi wa shingo anatakiwa atulie kabisa. Simlaumu binti, alifundishwa kutabasamu hata akiumia, na watu wazima wakamsifu.

Ushangiliaji huu ulianzishwa na wanaume. Mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza kuishangilia timu. Wasichana waliingia baadaye, katika miaka ya 1920. Leo kuna vikundi visivyomshangilia mtu: vinashindana vyenyewe, kwa kurushana hewani, kupinduka na kupandiana mabegani. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho lao mwaka 2021.

Hata hivyo shule nyingi huko ziliendelea kuwaona ni pambo la mechi za wengine. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka uhesabiwe mchezo kamili, nami nakiunga mkono. Kwa jumla majeraha yake si mengi. Lakini katika miaka 25, takriban theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa ya wanamichezo wa kike wa sekondari yalitoka huko. Ukiitwa mchezo, kocha atadaiwa mafunzo, na binti atapimwa afya kabla ya msimu. Pambo halipimwi na mtu.

Mzazi mwenye mtoto kwenye kikundi cha namna hiyo, au hata kwenye sarakasi hapa kwetu, aulize: wanarushana juu ya mkeka au sakafu tupu? Nani anasimama kudaka?

Mtoto akigonga kichwa, asirudi mazoezini siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, mpelekeni hospitali mara moja. Kama shingo inauma au mikono imekufa ganzi, msimwinue. Mwacheni alale alivyo hadi msaada ufike.