Wiki Moja, Miji Minane? Hiyo Siyo Safari, Hiyo ni Kazi ya Udereva

Wadau, kuna staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, simtaji kwa sababu mnamjua na timu yake ina maneno. Kaposti safari yake ya gari ya wiki moja, pwani mpaka milimani, na mji mzima umechanganyikiwa. Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, Amani, Lushoto, Moshi, Arusha, halafu huyooo Dar. Siku saba! Tangu siku hiyo magrupu ya WhatsApp hayalali. "Na sisi Desemba lazima." "Nani ana gari?" "Nani ana leseni?"

Mimi nasema msiikopi ile ratiba. Na siyo wivu, bata lake limenifurahisha sana.

Rudi uangalie zile video vizuri. Jamaa kila mara kakaa siti ya nyuma, miwani usoni, anaimba. Umewahi kumwona kashika usukani? Nyuma yao kuna gari la pili linabeba mabegi na mpiga picha. Kila hoteli aliyolala kaitaja kwa jina, na wewe mtu mzima unajua maana yake nini. Sasa wewe una nini? Una IST moja, washkaji wanne, na mmoja tu ndiyo mwenye leseni. Huyo mmoja ndiyo nataka tumzungumzie.

Arusha mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600. Kwa ratiba ile, dereva wenu anatakiwa azikate siku ya saba, baada ya siku sita za kulala kitanda kipya kila usiku, na jana yake mlikesha. Jumatatu kazini. Kwa hiyo jioni ikimkuta yuko kati ya Segera na Chalinze hatapumzika, atakaza. Barabara ile ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori hayaishi, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Mtu aliyechoka anaona lori liko mbali kumbe lipo hapo. Tumeshaposti mishumaa na "pumzika kwa amani" nyingi mno za barabara ile, na wengi walikuwa vijana wanarudi kula bata. Hilo staa haliposti.

Mchana nako usijidanganye. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, na vijiji havikauki kutoka Chalinze mpaka Mombo. Ukipigwa tochi ni elfu 30. Ukipigwa mara mbili, hela ya pweza imeenda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wiki moja: vitanda viwili tu. Usiku tatu pwani, usiku tatu mlimani, basi.

Bagamoyo ifuteni kwenye hii safari. Siyo mbaya, ila ipo kama kilomita 70 tu kutoka Dar, unaenda Jumamosi yoyote. Tena inastahili siku yake. Watu wanapiga picha ufukweni wanarudi, hata hawajui kwamba ule mji ulikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891, wala hawajafika magofu ya Kaole. Saadani vilevile, mbuga inayogusa bahari haiendwi kwa kupita tu. Unalipia kiingilio cha saa 24, na mvua zikichanganya inataka gari la juu.

Tokeni Dar saa 11 alfajiri, mpitie Chalinze na Segera. Machungwa mtayakuta barabarani, msinunue gunia siku ya kwanza jamani. Mchana mpo Tanga. Wenyewe wanasema Tanga waja leo waondoka leo, na wageni wengi wameufanya usemi huo kuwa ratiba. Kaeni! Mapango ya Amboni yapo karibu na mji, asubuhi moja inatosha. Jioni ni Raskazone, upepo wa bahari, hakuna anayekukimbiza. Siku ya pili shukeni Pangani, kama kilomita 50, mkipitia magofu ya Tongoni njiani. Pangani ni mji mdogo wa majumba ya zamani na mto unaoingia baharini, na mkitaka mnahamia hukohuko usiku wa tatu.

Hapo Pangani kuna kisiwa cha Maziwe ambacho kila mtu anataka kukipiga picha. Ni mchanga mtupu katikati ya bahari, na maji yakijaa kinafunikwa. Yaani huendi kwa saa yako, unaenda kwa saa ya maji. Muulize nahodha siku moja kabla, kama bahari inapwa saa nane mchana basi mipango yote ya siku hiyo inazunguka hapo. Kuna mrembo mmoja wa Bongo Movie alilalamika mtandaoni kwamba "hakuna kisiwa". Dada, kisiwa kipo, kilikuwa chini yako.

Na vile vivazi vya kuogelea vikae ufukweni. Kupita navyo sokoni Pangani mbele ya wazee wanatoka msikitini siyo usasa. Mkiangukia Ramadhani, mjue pia mchana mama ntilie wengi wamefunga.

Siku ya nne pandeni Lushoto. Kutoka Tanga ni chini ya kilomita 200, ila 33 za mwisho, kuanzia Mombo kupitia Soni, ni kona juu ya kona. Pandeni mchana. Dereva asisimuliwe hadithi, na anayetapika kwenye gari akae mbele. Beba sweta, usije ukasema hatukukwambia. Irente nenda mapema asubuhi kabla ukungu na foleni ya wapiga picha, ukisimama pale unaiona tambarare ya Mazinde iko chini kabisa, magari kama punje. Pale Irente wanauza jibini na jamu za kwao. Siku nyingine ingieni msitu wa Magamba kwa miguu, au mfike Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa mlima kabisa. Siku ya sita msifanye lolote. Kuleni peasi kama msimu upo, dereva alale mpaka saa tano. Siku ya saba mnashuka asubuhi, jua halijazama mpo Dar.

Amani? Ni msitu mzuri mno, wenye bustani ya mimea ya tangu 1902, lakini mvua ikinyesha njia yake ya mlimani haina urafiki na IST. Moshi na Arusha zisubiri wiki yao.

Tuje kwenye hela, maana huku ndiyo urafiki unakufa. Mzunguko huu ukijumlisha na vimizunguko vya hukohuko weka kilomita 1,200. Gari likila lita moja kwa kilomita 12, hiyo ni lita 100. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA, inatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, gawanya kwa watu. Siyo "tutajua mbele kwa mbele".

Na hapa najua mtanishambulia: mwenye gari asichangie mafuta hata senti. Matairi ni yake, sevisi ni yake, na mkigonga bampa nyinyi mtasema "pole kaka" halafu mtapanda bodaboda kwenu. Kama ndiye pia anayeendesha siku zote saba, chumba chake mlipieni. Mchango wote uwe umeingia wiki mbili kabla, kwa mtu mmoja mnayemwamini, na fungu la dharura lisiguswe kununulia bia.

Yule wa "nitatuma jioni" ambaye jioni yake haijafika tangu Oktoba, mwacheni Dar.