Watu wa Lukozi Tupumzikie Wapi?

Tumechoka kuambiwa kwamba watu wa milima ya Usambara hatuhitaji mahali pa kupumzika kwa kuwa tumezungukwa na kijani. Kila tukiomba eneo la wazi kwenye mkutano wa kijiji, jibu ni lile lile: msitu wa Magamba huo hapo, bustani ya nini tena?

Magamba ni hifadhi. Huingii na mkeka, sufuria ya pilau na watoto ukatandika unapotaka. Kuna utaratibu na kiingilio, na ni haki iwe hivyo, maana misitu hii ndiyo inayotupa maji. Hatutaki iguswe. Tunataka mahali pa kukaa.

Njoo Lukozi siku ya Idi au Krismasi. Watoto wamevalishwa nguo mpya. Wanapanda barabara mpaka maduka yanapoishia, wanashuka, wanapanda tena. Mkono mmoja una lambalamba, mwingine umemshika mdogo wao asigongwe na bodaboda. Ukungu ukishuka wanarudi nyumbani, viatu vipya vimejaa matope, sikukuu imekwisha. Siku za gulio nazo mama zetu wanakaa juu ya lumbesa za viazi wakingoja Fuso, na choo ni cha kuomba kwa wenye nyumba.

Nairobi wana Uhuru Park tangu 1969, ina mpaka ziwa dogo la kupanda boti. Mwaka 1989 wakubwa walipotaka kusimamisha humo jengo la ghorofa 60, Wangari Maathai alipinga, akasemwa vibaya bungeni, hakunyamaza mpaka mradi ukafa. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ikazinduliwa hapo hapo. Kama katikati ya Nairobi, ardhi ilivyo ghali, pamebaki pa wananchi, Lukozi tunashindwa nini?

Historia tunayo. Nani kati ya watoto wetu anajua kwamba enzi za Wajerumani magogo ya mwangati yalisafiri angani, yakining'inia kwenye waya kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara? Kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga waya huo ili kuteremshia mbao kwenye reli ya Tanga, iliyokuwa imefika Mombo mwaka 1905. Mbao zilishuka, fedha zikaenda nazo. Hata lile ua la zambarau la Usambara, lililopelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, leo limo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na hapa kwetu kuna watoto wasiolijua.

Hatuombi mabilioni. Vijito vipo, kimoja kinatosha kutengeneza bwawa dogo. Ipandwe mikulo na miangati badala ya mikaratusi, yawekwe mabenchi, choo na bomba, pamoja na kibao cha Kiswahili na Kishambaa kinachoeleza habari za waya wa Shume. Nguvu tunazo: msaragambo si jambo geni kwetu. Kinachokosekana ni maandishi yanayosema eneo hili ni la wote, haligawanywi viwanja. Na huku kwetu milimani ardhi tambarare ni haba. Tunataka maandishi hayo yatoke kabla kipande kilichobaki hakijajengwa fremu za maduka.