Mwenye Nyumba Ashike Kazi Ipi?

Katika miji na vijiji vya Tanzania, nyumba nyingi za kuishi hazijengwi na makampuni. Hujengwa na wenyewe, hatua kwa hatua, kadiri fedha zinavyopatikana: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na bati baada ya mavuno au baada ya kiinua mgongo. Kwa kuwa akiba ni ndogo, kila mjenzi wa namna hii hukabiliwa na swali moja: ni kazi zipi azifanye yeye na jamaa zake, na ni zipi amlipe fundi? Swali hili huonekana kuwa la fedha tu. Kwa hakika ni swali la sayansi, na jibu lake lililozoeleka lina kasoro.

Jibu lililozoeleka ni kwamba kazi nzito ni ya kulipia na kazi nyepesi ni ya mwenyewe. Ndiyo maana huonekana mtu akiwaachia vibarua wamwage zege bila yeye kuwapo, kisha akajifungia nyaya za umeme mwenyewe, kwa kuwa nyaya ni nyepesi na bisibisi anayo. Uzito wa kazi si kipimo. Kipimo kinachofaa kina maswali mawili. Kwanza: kosa likitokea, litaonekana kabla halijafunikwa? Pili: likionekana, laweza kusahihishwa bila kubomoa kitu kingine na bila kumdhuru mtu? Kazi yenye jibu la ndiyo kwa maswali yote mawili, mwenye nyumba aweza kuishika hata kama ni mgeni nayo. Kazi yenye jibu la hapana, hata kwa swali moja, yahitaji mtu aliyefunzwa.

Yupo atakayeuliza: je, wazee hawakujenga nyumba zao wenyewe toka mti wa kwanza hadi makuti ya mwisho? Walijenga, na walijenga vizuri. Lakini yafaa kuchunguza walijenga kwa vitu gani. Katika nyumba ya miti, fito na udongo, makosa yako wazi. Mti ulioinama huonekana. Unga wa mchwa huonekana. Udongo ukipasuka, hukandikwa upya msimu ufuatao. Nyumba yenyewe ilikuwa mwalimu wa mjenzi. Saruji, nondo na umeme vimeleta faida nyingi, lakini vimeyahamisha makosa na kuyaficha ndani. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ukuta wa zege, ufa mara nyingi si mwanzo wa habari. Ni habari iliyochelewa.

Chukua mfano wa lenta inayopita juu ya mlango. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka kwa urahisi. Uzito wa ukuta ulio juu huipinda lenta kidogo, na upande wake wa chini huvutwa. Kwa sababu hiyo nondo kuu huwekwa karibu na upande wa chini. Mtu asiyejua akiziweka juu, zege likishamwagwa jicho halitatambua tofauti yoyote. Kosa limefunikwa, na kulisahihisha ni kubomoa. Hii ni kazi ya fundi.

Umeme nao hauna msamaha. Birika la wati 2000 katika mkondo wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Ikiwa kiungo cha waya kimelegea na kina ukinzani wa nusu omu tu, kanuni ya mraba wa mkondo mara ukinzani yaonyesha kwamba karibu wati 38 za joto zitatoka mahali padogo kama punje ya mahindi, ndani ya ukuta au juu ya dari. Taa zitawaka kama kawaida, na mwenye nyumba atadhani kazi ni njema. Hapa fundi umeme mwenye leseni si anasa.

Paa pia liko upande huo. Upepo mkali upitapo juu ya paa hupunguza kanieneo ya hewa, na paa huvutwa kwenda juu. Kwa hiyo kenchi hazitakiwi kuwekwa tu juu ya ukuta, bali zifungwe imara kwenye lenta. Siku za utulivu, kenchi iliyofungwa na ile isiyofungwa hukaa vilevile. Tofauti hujulikana siku ya dhoruba, watoto wakiwa wamelala.

Je, mwenye nyumba amebakiwa na nini? Amebakiwa na mengi, na baadhi yake ndiyo yenye thamani kuliko yote. Kupaka rangi, kuchekecha mchanga, kusafisha kiwanja na kufyatua matofali ya udongo na saruji kwa mashine ya mkono ni kazi ambazo kosa lake huonekana mapema. Mashine ya namna hiyo, iliyobuniwa na Raúl Ramírez mjini Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, ilikusudiwa hasa familia zinazojijengea. Tofali bovu huwekwa kando, na hasara ni tofali moja.

Lakini kazi iliyo bora kuliko zote kwa mwenye nyumba ni ile isiyohitaji ufundi wowote, nayo ni kumwagilia maji. Wengi huamini kwamba saruji hukauka kama nguo, na kwamba jua husaidia. Sivyo. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji kikemia, na maji yakitoroka mapema muungano huo husimama. Zege lililotunzwa vizuri hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28 likiwa na siku 7. Katika siku hizo za mwanzo linapaswa kubaki na unyevu, likifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa nailoni. Fundi aliyelipwa kwa kazi ya kumwaga zege huondoka jioni ile ile. Nani atarudi asubuhi na jioni kwa juma zima akiwa na ndoo? Ni yule atakayelala chini ya lenta hiyo.

Kazi ya pili inayomfaa ni kusimama penye mchanganyiko. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Chicago alieleza kwamba, kwa vifaa vile vile, kadiri maji yanavyozidi kulinganishwa na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Kwa uwiano wa nusu, mfuko wa kilo 50 hutakiwa kupata lita 25 za maji, ukihesabu pia unyevu ulio katika mchanga. Vibarua huongeza maji ili zege lisambae kwa urahisi, na hakuna atakayeliona kosa hilo kesho yake. Mwenye nyumba aliye na ndoo yenye alama hulinda akiba yake kuliko aliyepunguza ujira wa fundi.

Hapa shule za sekondari zina wajibu. Mwanafunzi anayejua kwamba pembetatu ya mita 3, 4 na 5 hutoa pembe mraba aweza kukagua msingi wa wazazi wake kwa kamba. Aweza kutia mchanga na maji katika chupa, akatikisa, kisha akapima tabaka la udongo lililotuama juu. Darasa laweza kutengeneza vipande vya saruji na mchanga, vingine vikawekwa majini na vingine juani, na baada ya siku 28 vikabebeshwa mizigo mpaka vivunjike. Jaribio hilo halihitaji maabara ya gharama.

Kujijengea si aibu, wala kumwita fundi si uvivu. Fundi apewe kazi ambayo kosa lake hujificha. Mwenye nyumba ashike kazi inayotaka subira, macho na ndoo ya maji, kwa kuwa hizo ndizo zinazopuuzwa na kila mtu asiyekusudia kuishi humo.