Tanuru Letu Lataka Kivuli

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya tanuru la karakana yetu, lililo uani pasipo paa.

Muhula huu nilikuwa nikifua patasi ya feleji, na jua la saa sita linawaka. Niliiona feleji ingali nyekundu ya giza, nikazidi kuvuta mivukuto. Kumbe imekwisha kuwa nyeupe. Ilitoa cheche, na kwa pigo la kwanza la nyundo ikamomonyoka kama mkate mkavu. Feleji iliyoungua hivyo haitengenezeki tena.

Wenzangu wengine wasema tununue kipima joto. Mimi naona tuanze na macho. Nyekundu ya giza ni kama digrii 650 za Sentigredi. Nyekundu iliyoiva, kama 800. Rangi ya chungwa, kama 950. Patasi hufuliwa ikiwa ya chungwa. Ikirudi nyekundu ya giza, weka nyundo chini, la sivyo itapasuka. Lakini juani mng'ao hufifia, nawe wadhani moto haujatosha. Kivulini ndipo rangi husema kweli.

Kwa hiyo nashauri tuezeke mabati juu ya tanuru. Nguzo twaweza kuzisimamisha wenyewe Jumamosi moja. Tupate na sumaku ya kuyafundisha macho, kwani feleji ikipita digrii 770 hivi, sumaku haiishiki tena.

Patasi yangu imekwisha kupotea. Ya mwenzangu isipotee.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu