"Ni Uzee Tu": Neno Linalowamaliza Wazee Wetu



Kuna neno dogo lililozoeleka sana majumbani, hapa kwetu Biryogo na Nyamirambo, na bila shaka hata kwa ndugu zetu wa Buyenzi kule Bujumbura. Mzee akisema magoti yanauma, huambiwa ni uzee tu. Macho yakiingia ukungu, ni uzee tu. Akianza kusahau, akikataa chakula, akikaa kimya kutwa nzima, ni uzee tu. Sisi tunasema wazi: neno hili si subira wala si heshima. Ni uvivu uliovishwa kanzu.

Uzee si ugonjwa. Ukungu wa macho mara nyingi ni mtoto wa jicho, na operesheni yake kwa kawaida haifiki saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku ileile. Kimya kirefu chaweza kuwa ni huzuni inayotibika. Hata kusahau kusipuuzwe. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la The Lancet ilieleza kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza akili uzeeni yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosikia, kutoona vizuri, kukaa bila mazoezi, na upweke. Jee, katika hayo lipi ni uzee tu?

Wapo watakaotujibu: "Mzee ametumika maisha yake yote, mwacheni apumzike." Tunawaelewa. Hata umuganda haumlazimu aliyepita miaka 65. Lakini kuondolewa lazima si kuondolewa katika watu. Kumkalisha mzee kwenye kiti kuanzia alfajiri mpaka isha, maji aletewe, kiatu avishwe, si kumpumzisha. Misuli isiyotumika hupungua, miguu hulegea, na siku anaponyanyuka peke yake huanguka. Nyonga ikivunjika, wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano! Mwenye uwezo wa kwenda msikitini kwa miguu na kurudi, kwa nini apakiwe kwenye pikipiki kila siku?

Tena hapa Kigali hatuna udhuru. Tangu 2016 jiji limekuwa likifunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili maalumu ili watu watembee na wafanye mazoezi, na hapo hupimwa bure shinikizo la damu na sukari. Vijana wanajaa. Wazee wetu wako wapi?

Jambo jingine ni saumu. Mzee mwenye kisukari na anayetumia dawa asiachiwe aamue peke yake, wala asionewe haya akila mchana. Aulizwe daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Asiyeweza kufunga kwa uzee au kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, dini imemwekea fidya. Ruhusa ile ni rehema, basi asiwepo wa kuigeuza aibu.

Na hili ndilo linalotuuma zaidi. Mtu akifa, sanda na chakula cha matanga hupatikana kwa siku moja. Harusi ikitangazwa, kamati hukaa na michango humiminika. Lakini miwani ya bibi husubiri mwaka mzima, na mituweli yake hulipwa baada ya kila kitu. Wengine huuza hata shamba la mzee bila kumwuliza, angali hai na akili zake timamu, kisha husema wanamtunza. Huko si kutunza. Ni kumrithi kabla ya kufa.

Kwa hiyo tunazitaka familia zetu zifanye haya. Kwanza, kila mzee apimwe shinikizo la damu, sukari, macho na masikio, na anayepewa dawa azimeze hata siku anazojisikia vizuri. Pili, mituweli yake ilipwe kabla ya mchango wa harusi yoyote. Tatu, apewe kazi anayoiweza: kusomesha wajukuu, kuchambua mchele, kusuluhisha ugomvi. Nne, aulizwe, na jibu lake lifuatwe.

Watoto wanatutazama namna tunavyowafanyia wazazi wetu. Kiti tunachomkalishia mzee leo, ndicho wanachotuwekea sisi.

Wabillahi tawfiq.